Miji Inayoishi kwa Kibali

Watu wa Nairobi wakisikia Meru wanafikiria vitu viwili, miraa na hasira. Wakisikia Embu wanauliza kama ni njia ya kwenda Meru. Sisi wa huku tumezoea. Lakini wanaopita Makutano usiku siku hizi wanashangaa wakiona ghorofa mpya kila kona, vilabu, kinyozi juu ya kinyozi, nyama choma na mukimo mpaka saa nane. Embu nayo ina mtaa unaoitwa Dallas, na hakuna anayecheka akiutaja. Miji inakua.

Swali ninalojiuliza ni doo ya ghorofa hizo inatoka wapi, na nani ana uwezo wa kuifunga. Nimekuwa nikisoma historia ya huku kwetu kivyangu, bila mwalimu, na kuna neno moja linalorudi katika kila kizazi. Neno lenyewe ni kibali.

Miji yenyewe ilizaliwa hivyo. Embu ilianza kama boma la Waingereza mwaka 1906, baada ya kikosi chao kuvunja upinzani wa Waembu kwa bunduki. Boma la Meru lilifuata muda mfupi baadaye chini ya E.B. Horne, ofisa ambaye wenyeji walimbandika jina Kangangi, yaani kale kajamaa kanakozurura. Ofisi ya mawe ya DC bado imesimama katikati ya mji wa Meru. Tangu 1974 ni makumbusho, na wanafunzi wa shule za msingi hupigwa picha mbele yake. Zamani hapo ndipo mtu alipokwenda kuomba ruhusa ya karibu kila kitu.

Chukua kahawa. Mlima ni wetu, udongo mwekundu ni wetu, mvua inanyesha kwetu, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa. Masetla walisema tutaleta magonjwa ya mimea na wizi wa mbegu. Kile ambacho hawakusema kwa sauti kubwa ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine. Miaka ya 1930 ndipo serikali ilipofungua mlango kidogo, kwa majaribio, katika sehemu tatu: Kisii, Embu na Meru, sehemu zilizokuwa mbali na mashamba makubwa ya Wazungu. Hata hapo idadi ya miche ilipangwa na ofisa. Babu zetu walihesabiwa miti kama watoto wanavyohesabiwa peremende.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kapu moja. Ukitaka kusafiri unaonyesha pasi. Hata kura ilihitaji karatasi. Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza kwa Waafrika kuchagua wawakilishi wao wenyewe katika baraza la kutunga sheria. Katika mkoa wetu, mpiga kura alitakiwa kwanza kuthibitishwa kuwa mtiifu kwa serikali. Meru ilipata vibali hivyo kwa wingi kuliko Ukikuyuni, na mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate, akambwaga Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia baraza hilo, tangu 1944. Wameru tunapenda kusimulia ushindi huo. Zile karatasi tunaziruka.

Sasa njoo kwa miraa, maana hapa ndipo hadithi inapogeuka. Miraa haikuletwa na ofisa wa kilimo. Ilikuwa Igembe na Tigania kabla ya Kangangi hajafika. Wazee waliitumia kwenye vikao, na mtu akienda kuomba mke alipeleka ncoolo, fungu maalum lililofungwa kwa heshima. Wakoloni miaka ya 1940 walijaribu kuibana isifike kaskazini. Haikubanika. Biashara ilijengwa na watu wenyewe: mkulima wa Igembe, kijana anayepanda mtini alfajiri, mama anayefunga kwa majani ya mgomba ili isikauke, mfanyabiashara Msomali wa Eastleigh, na dereva wa Hilux ambaye barabara nzima kutoka Maua inamwogopa. Haraka hiyo ina sababu. Kijiti kikikaa siku mbili tatu kinapoteza nguvu, na kikipoteza nguvu ni takataka.

Kwa wasiojua, miraa na muguka ni mti wa aina moja. Wa Meru tunatafuna gome la vijiti laini. Wa Embu, hasa Mbeere kule chini kwenye ukame, wanatafuna majani. Muguka ni bei rahisi, ndiyo maana jaba ya mtaani kwenu, pamoja na njugu na Big G, mara nyingi ni muguka. Mbeere kahawa haistawi. Watu waliosahauliwa na kila mpango wa kilimo walipata kitu kinachokubali jua lao, na wakakipanda.

Kwa hiyo hapa tulikuwa na zao ambalo hakuna aliyetupa ruhusa ya kulipanda. Ila kulipanda ni jambo moja, kuliuza ni lingine. Soko ndilo lilikuwa na mwenyewe.

Uholanzi ilifunga Januari 2013. Uingereza ilifunga Juni 2014, ingawa baraza lao wenyewe la wataalamu wa dawa za kulevya lilikuwa limeshauri miraa isipigwe marufuku. Waziri Theresa May aliamua vingine. Wabunge wetu walipanda ndege kwenda kuomba, wakarudi na picha.

Ikabaki Somalia. Machi 2020, corona ilipoanza, ndege za mizigo za Mogadishu zilisimama. Kwetu ni Igembe, na mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Miti iliendelea kuchipuka kama kawaida, maana mti haujui habari za viwanja vya ndege. Vijana wachumaji walirudi makwao, na soko la ndani likafurika mpaka fungu zuri likawa halilipi hata mchumaji. Chuo kilipofunguliwa tena, karo haikuwapo. Sikufukuzwa na mtu, sikurudi tu. Ndege zilianza tena Julai 2022, baada ya miaka miwili na zaidi, na wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kuishi kwa kuandika vitu vya watu. Darasa letu tuko wengi wa namna hiyo. Ukihesabu waliopotea chuoni miaka ile kutoka vijiji vya miraa, utaona kwamba uamuzi wa nchi nyingine unaweza kufika mpaka kwenye dawati lako.

Mei 2024 ikawa zamu ya Embu. Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Safari hii haikuwa London. Ilikuwa Kenya hii hii. Wimwaro FM ilichemka. Rais akasema amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023 zinalitambua zao hili, na Mahakama Kuu kule Embu ikazisimamisha. Watu wa Mbeere walishangilia. Lakini tusijidanganye. Mama wa Mombasa anayelalamika kwamba mwanawe wa darasa la nane anatafuna badala ya kwenda shule si adui yetu. Ana swali la haki, na jibu la “ni zao halali” halimtoshi. Kama sisi hatutamjibu, atajibiwa na gavana wake, kwa marufuku nyingine.

Na sisi wenyewe tunafanya nini wakati huo? Tunang'oa magavana. Embu ilimtoa Martin Wambora Februari 2014, gavana wa kwanza Kenya kuondolewa na Seneti. Mahakama ikamrudisha, na 2017 akachaguliwa tena. Meru imemfikisha Kawira Mwangaza mbele ya Seneti mara tatu. Aliponea 2022 na 2023, akaondolewa Agosti 2024, akashikiliwa na amri za mahakama mpaka Machi 2025, ndipo naibu wake Isaac Mutuma akaapishwa. Sisemi nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba karibu kipindi kizima cha gavana kilikwenda kwenye kesi, na katika kelele zote zile, Muuga FM asubuhi na jioni, sikumbuki siku tuliyobishana kwa hasira hiyo hiyo kuhusu soko likifungwa tena tutauza wapi.

Mimi siamini suluhisho ni kung'oa miti, kama wanavyotushauri watu ambao hawajawahi kulipa karo kwa zao lolote. Babu walikatazwa kahawa, walipoipata waliikumbatia, na leo wengi wameiacha kwa sababu bei yake nayo hupangwa mbali. Kubadilisha zao bila kubadilisha anayepanga bei ni kuhama chumba katika nyumba ileile ya kupanga.

2027 watakuja. Watasimama Gakoromone sokoni katikati ya ndizi, nduma na viazi vya Kibirichia, watavaa vilemba vya wazee, watasema Meru imesonga na Embu haitaachwa. Wapigie makofi ukitaka. Halafu kabla hawajarudi kwenye gari, waulize maswali matatu. Mogadishu ikifunga kesho, kaunti ina mpango gani, na umeandikwa wapi? Nani anakaa mezani bei inapopangwa, na je, yuko mchumaji hata mmoja? Na yule mama wa Mombasa, mmemwambia nini?