Kukomaa katika imani ya Kikristo: maana yake nini?

Kila mwaka katika maparokia ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, askofu ao padri aliyetumwa naye anapakaa vijana mafuta ya krisma kwenye paji la uso. Njo kipaimara. Siku ile familia inafurahi na kusema: sasa mutoto amekomaa katika imani. Kwa ndugu zetu Waprotestanti, neno hilo linasikika mutu akitoka kwenye maji ya ubatizo, ao akipewa kazi ya ushemasi. Na katika vyumba vya maombi, mara nyingi aliyekomaa ni yule mwenye kunena kwa lugha na kutabiri. Neno ni moja, lakini kila fasi linapimwa na kipimo chake. Tuangalie linatoka wapi.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno linalotumiwa pale ni teleios. Maana yake ni kitu kilichofikia kusudi lake, kisichopunguka; juu ya mutu, ni mutu muzima. Kiswahili chetu kimechagua neno la shambani, na kimechagua vizuri. Mukulima anajua kwamba kukomaa si kuiva. Ndizi inaweza kukomaa ikiwa bado ya kijani kabisa: hauangalii rangi, unaangalia kama imejaa. Na ile iliyovunwa kabla ya wakati, hata ukiifunika ipate rangi ya manjano, kwenye mudomo inajulikana tu.

Mutume Paulo alikutana na shida ya rangi hiyo kule Korinto. Alikaa katika muji huo muda wa mwaka mumoja na nusu, kisha karibu mwaka 55 akawaandikia barua. Wakristo wa kule hawakukosa vipawa: walinena kwa lugha, walitabiri, walikuwa na wasemaji wazuri. Lakini yeye anawaambia bado ni watoto wachanga, bado ni wa kupewa maziwa. Juu ya nini? Juu walikuwa na wivu na wamejigawanya, hawa wa Paulo, hawa wa Apolo, wengine wa Kefa. Na kwenye karamu ya Bwana wenye chakula walikula bila kungojea wenzao masikini. Paulo hakukataa vipawa vyao, lakini hakuvihesabia kuwa ukomavu. Kanisa linalogombania kiti cha muchungaji kufuata kabila lingeweza kupokea barua ile bila kubadilisha kitu, ila jina la muji.

Barua kwa Waebrania inarudilia mufano huo wa maziwa na chakula kigumu, kisha inaongeza jambo ambalo wahubiri wengi wanalipita haraka. Inasema wenye kukomaa ni wale ambao, kwa kuzoea, akili zao zimejifunza kupambanua jema na baya. Kwa kuzoea! Kwa hiyo si jambo linalomwangukia mutu siku moja ya sherehe. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ikieleza kipaimara, inaonya kwamba tusichanganye utu uzima wa imani na umri wa mwili. Mutoto anaweza kuwa amekomaa kuliko muzee aliyebatizwa miaka 50 iliyopita.

Kwetu huku iko mufano unaojulikana: Floribert Bwana Chui, mutoto wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981. Alisoma sheria, kisha akapata kazi ya leta kwenye OCC, ofisi inayokagua bidhaa. Mwaka 2007 alikuwa anafanya kazi hiyo Goma, kwenye mupaka. Mizigo ya chakula kilichoharibika ilifika, na wenyewe walitaka iingie sokoni. Alikataa. Akaletewa franga, akakataa. Shinikizo likaongezeka, akabaki palepale. Mwezi wa saba mwaka ule alitekwa, na kisha mwili wake ukaonekana na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26, na alikuwa anajiandaa kuoa.

Watu wengi wanaijua habari hii kuanzia pale kwenye mupaka. Lakini ukomavu wake haukuanzia pale. Tangu masomoni alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzia Roma mwaka 1968. Hapa Goma alikuwa anashugulika na Shule ya Amani, pamoja na watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Kukaa na watoto hao, kujua majina yao, kurudi kwao tena na tena, ile njo ilikuwa mazoezi. Mutu aliyezoea kuona nani anakula nini, akiletewa karatasi ya kuweka sahihi juu ya muchele uliooza, anaona pia watoto watakaoupika. Marafiki wake wameshuhudia kwamba aliona kama Mukristo hawezi kuuza maisha ya watu.

Papa Fransisko alimutaja mbele ya vijana Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, kwenye Stade des Martyrs. Mwezi wa 11 mwaka 2024 Kanisa lilikubali kwamba alikufa shahidi, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma, katika basilika ya Mutakatifu Paulo. Iko watu waliouliza: namna gani aitwe shahidi wa imani, na waliomuua hawakumwomba amukane Kristo? Walitaka tu muzigo upite. Jibu la Kanisa ni kwamba kukataa kwake kulitoka katika imani, kwa hiyo waliochukia kukataa kule walichukia tunda la imani. Kwa maoni yetu, njo hapo habari yake inatugusa zaidi. Wengi wetu hatutaambiwa kamwe tumukane Yesu. Tutaombwa tu sahihi kidogo, pointi chache kwa mutoto wa mukubwa, ao dawa ya hospitali ipitie mulango wa nyuma.

Lakini tusifanye hesabu nyepesi. Ajenti aliyekaa miezi bila mushahara, mwenye watoto wanaofukuzwa masomoni, hawezi kupimwa sawasawa na yule mwenye tumbo lililoshiba. Mahubiri yanayopigia kelele matabishi ya mudogo na kupokea bahasha ya mukubwa mbele ya altare bila kuuliza imetoka wapi, hayo hayakomazi mutu. Kanisa lililokomaa linaangalia pia ule mufuko wa mudogo. Shirika la mutaa likijua kwamba mumoja wao amepoteza kazi sababu alikataa uongo, limubebe: ungo wa unga, deni la nyumba, mutu wa kumusindikiza kwa mwanasheria. Bila hiyo tunamwambia awe shujaa peke yake.

Iko kosa lingine linalozunguka sana huku kwetu, fasi ya vita na kukimbia. Linasema mwenye imani iliyokomaa halii, haulizi, anasema tu amina. Mutu amepoteza nyumba, amezika ndugu, na kwenye kilio anaambiwa machozi yake ni upungufu wa imani. Hilo halitoki katika Biblia. Zaburi nyingi ni za malalamiko. Ayubu alimusemesha Mungu kwa uchungu, na mwishoni Mungu aliwakemea marafiki waliojifanya kumutetea. Hata kusamehe hakumaanishi kusema hakuna kilichofanyika. Mama anayesali na vilevile kudai haki kwenye tribinali hajapunguka katika imani.

Na aliyekomaa anajitambuaje? Hapa Paulo anatoa jibu la kushangaza kidogo. Akiwa mufungwa, kisha miaka mingi ya safari, viboko na makanisa aliyoanzisha, aliwaandikia Wafilipi kwamba yeye bado hajafika, bado anakaza mwendo. Mistari michache mbele, anatumia lile neno teleios na kusema wale waliokomaa wafikiri vilevile.