Mchana Ni Saa Ngapi?

Hebu muulize mwenzako ofisini mchana unaanza saa ngapi. Wengi watakujibu saa sita, kwa kuwa ndiyo saa ya kwenda kula. Lakini kwa asili mchana ni muda wote ambao jua liko juu, kinyume cha usiku, basi.

Neno hili hatukuliazima. Kule Lamu wanasema mtana, kama wanavyosema mato badala ya macho. Waganda wana emisana, Wachewa wa Malawi wana usana, na maana ni hiyo hiyo. Tulichopata kwa Waarabu ni vipande vyake: alfajiri, asubuhi, adhuhuri, alasiri, mpaka magharibi. Ni majina yanayokwenda na sala, maana kabla ya saa za ukutani watu wa miji ya pwani walisikiliza mwadhini.

Mimi napenda zaidi "mchana kutwa" na "usiku kucha". Kutwa, au kuchwa, ni jua kuzama. Kucha ni kupambazuka. Kwa hiyo aliyelima mchana kutwa alilima mpaka jua likazama. Shule ya kutwa nayo imetoka humo humo: mwanafunzi anashinda shuleni, jioni anarudi kwao (kwa foleni za Dar, pengine jua limeshazama zamani).

Hata saa zetu zinafuata jua. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu kuche. Karibu na ikweta hesabu hii haisumbui: Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na ule mfupi kabisa haifiki saa nzima. London isingewezekana.

Ila kuna mtego. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku huanza jua linapozama, yaani usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni huu ambao wengi wetu tunauita Alhamisi usiku. Simu yako inayobadili tarehe saa sita usiku haijui habari hiyo. Magazetini tunajikinga kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Lakini mzee wa pwani akikuambia marehemu alifariki usiku wa Ijumaa, nawe ukakimbilia kuandika tarehe, unaweza kukosea siku ya kifo cha mtu, na wafiwa wataisoma. Muulize kwanza: ni kabla ya mchana wa Ijumaa, au baada yake?