Bonde la Msimbazi: Fidia, Bajeti na Haki ya Waathirika wa Mafuriko

Bonde la Mto Msimbazi limepita katikati ya Jiji la Dar es Salaam, kutoka vilima vya Pugu hadi Bahari ya Hindi. Mvua kubwa zinaponyesha, maji huingia katika makazi ya Jangwani na maeneo jirani, na Barabara ya Morogoro hufungwa. Makala haya yanaeleza jinsi gharama za kurejesha hali zinavyobebwa, na kwa nini mgawanyo wake huzua mjadala.

Mafuriko ya Desemba 2011 yalisababisha vifo vya watu zaidi ya 40. Serikali iligawa viwanja Mabwepande, Wilaya ya Kinondoni, ili kuwahamisha waathirika. Hata hivyo, baadhi yao walirejea bondeni, karibu na Kariakoo walikopatia riziki. Mwishoni mwa 2015 nyumba zilizojengwa bondeni zilianza kubomolewa, na kazi hiyo ikasitishwa kufuatia malalamiko na mashauri mahakamani. Uzoefu huo ulidhihirisha kuwa kiwanja pekee hakimrejeshi mtu katika maisha yake, na kwamba kubomoa bila fidia huhamisha tatizo tu.

Uwezo wa halmashauri nao una mipaka. Bajeti hupitishwa na Baraza la Madiwani kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na mapato ya ndani hugawanywa kati ya shule, zahanati, barabara za mitaa, usafi na mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukusanyaji wa kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo muhimu cha halmashauri, ulihamishiwa Serikali Kuu mwaka 2016. Kwa hiyo kazi kubwa kama kudhibiti mto haiwezi kutegemea mapato ya jiji peke yake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaosimamiwa na OR-TAMISEMI na kuhusisha ujenzi wa daraja jipya la Jangwani.

Chanzo cha fedha huathiri pia nani analipwa. Kwa sheria za nchi, fidia hukokotolewa kwa kuthamini ardhi na maendelezo yaliyofanyika juu yake, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na malazi. Aliyejenga katika eneo hatarishi bila hati alikuwa na hoja dhaifu kisheria. Masharti ya Benki ya Dunia, kwa upande mwingine, yanataka hata asiye na haki ya ardhi inayotambuliwa kisheria alipwe thamani ya jengo lake na asaidiwe kuhama. Wakazi walipolalamika kuwa fidia ya jengo pekee haitoshi kununua kiwanja kwingine, Serikali iliongeza malipo ya shilingi milioni 4 kwa ajili ya ardhi.

Kundi linalohitaji uangalizi zaidi ni wapangaji na wafanyabiashara wadogo. Mpangaji hana nyumba ya kuthaminiwa, lakini hupoteza makazi, vyombo na wateja siku ileile mwenye nyumba anapopoteza jengo. Asipoorodheshwa mapema, hana mahali pa kuanzia anapodai msaada. Usawa katika urejeshaji hali huanzia kwenye daftari la tathmini, kabla fedha hazijagawanywa.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa eneo linalofanyiwa tathmini anashauriwa kuhakiki jina lake na mali zake kabla ya kusaini fomu za uthamini, kutunza nakala, na kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kupitia ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mpangaji atunze mkataba wa pango au stakabadhi za kodi. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6 baada ya kuidhinishwa, sheria inaruhusu kudai riba. Vilevile, wananchi wana haki ya kuhudhuria vikao vya Baraza la Madiwani, ambako vipaumbele vya fedha za jiji huamuliwa kila mwaka.