Darasa Lina Kuta, Mwalimu Yuko Wapi?

Wiki hii nakupeleka Makambako, njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea. Mji huu una stesheni ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, na tangu hapo haujaacha kupokea wageni. Mwenye duka, dereva wa lori, mnunuzi wa mbao na viazi, wote huja na watoto, na watoto hutaka shule. Ukishika barabara ya Songea unafika Njombe, nako ni hivyo hivyo. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa mzima wa Njombe na watu 702,097. Ile ya 2022 iliwakuta 889,946.

Kwa hiyo msongamano darasani si jambo la kushangaza. La kushangaza ni kwamba umetukuta tukiwa hatujajiandaa mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni ifikapo 1977. Wanafunzi wa shule za msingi nchini, waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, walipita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wa kuwatosha hawakuwapo. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakakabidhiwa chaki, wafundishe huku wao wenyewe wakisoma kwa vijitabu, kwa vipindi vya redio na kwa wakufunzi waliowatembelea. Wako waliowabeza. Mimi nilifundishwa na mmoja wao, na hesabu za kugawanya alinifundisha barabara. Lakini ule ulikuwa mzigo wa mtu mzima aliotwikwa kijana.

Mara ya pili ni MMEM. Ada ilifutwa mwaka 2001, watoto wakafurika 2002. Safari hii mafunzo ya ualimu yalikatwa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni.

Mara ya tatu ni elimu bila malipo, Januari 2016. Uandikishaji wa darasa la kwanza ukapanda ghafla. Nchi nzima ikahangaika na madawati, na ni vema ilihangaika. Lakini katikati ya mwaka ule ule serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi. Watoto wakaongezeka, wa kuwafundisha wakasubiri.

Mara zote tatu mpangilio ni ule ule: kwanza mtoto, kisha kuta, mwisho mwalimu. Sababu yake haijifichi. Wananchi wakichoma tofali na kuchanga, boma husimama kwa msimu mmoja, na kiongozi huja kulizindua. Mwalimu huchukua miaka kupatikana, kisha anahitaji mshahara kila mwezi na nyumba ya kulala, tena katika baridi ya Njombe. Hakuna anayemkatia utepe.

Hebu tupige hesabu. Kipindi kimoja kina dakika 40, yaani sekunde 2,400. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Mwalimu akitumia kipindi chote kupitia madaftari, kila mtoto anapata sekunde 53. Wakiwa 90, anapata 26, na hapo mwalimu hajaandika hata neno moja ubaoni. Katika sekunde 26 utaona kwamba jibu limekosewa. Kwa nini limekosewa, hutapata nafasi ya kuuliza.

Mtoto huyo hapigi kelele. Anakaa nyuma, ananakili, anapanda darasa, na siku ya mtihani wa darasa la saba ndipo tunaambiwa ni mzito wa kuelewa.

Mji unaokua kama Makambako unaweza kujua leo ni watoto wangapi wataanza shule miaka sita ijayo, kwa sababu wanazaliwa sasa na kliniki zinawaandika. Basi hesabu ya walimu nayo ianzie hapo. Diwani wako akija kukutangazia madarasa mapya, mpongeze, kisha muulize swali moja tu: watakaofundisha humo ni akina nani?