Shepa: mashine iliyofukuzwa kiwandani ikapokewa nyumbani

Mwaka 1856 Joseph Whitworth, mtengenezaji mashine wa Manchester, alisimama mbele ya wahandisi wenzake wa Uingereza akiwa rais wa chama chao, akawatajia bei mbili. Miaka thelathini nyuma, alisema, ujira wa kusawazisha kwa mkono futi moja ya mraba ya chuma cha kusubu ulikuwa shilingi 12. Sasa kazi ileile, ikifanywa kwa mashine, haikufika hata peni moja. Shilingi ya Uingereza wakati ule ilikuwa na peni 12, kwa hiyo msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: ujira ulikuwa umeporomoka hadi chini ya sehemu moja ya 144.

Bei ile ya zamani haikuwa ya wizi. Fundi alishika tindo na nyundo akamega chuma kipande kwa kipande, kisha akachukua tupa na kusugua siku nzima. Akimaliza, alipaka rangi kwenye bamba lililonyooka, akalaza kazi yake juu ya bamba hilo, akatazama rangi imeshika wapi, akarudi kukwangua hapohapo. Na uso bapa hauepukiki. Bila huo, hakuna vali ya injini isiyovujisha mvuke, wala reli ambayo sehemu moja ya mashine itateleza juu ya nyingine bila kuyumba. Kabla ya kupata mashine nyingi, ilibidi kwanza ipatikane mashine ya kunyoosha chuma.

Ya kwanza kushika soko ilikuwa randa ya chuma. Richard Roberts wa Manchester aliunda moja mwaka 1817, na mpaka leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London. Seremala husukuma randa juu ya ubao uliotulia. Mashine ya Roberts iligeuza mambo, ikatuliza kisu na kukokota meza yenye chuma kupita chini yake. Kwa kitanda cha injini ilikuwa kazi safi kabisa. Kwa kipande kinachotosha kiganjani, kulazimika kuvuta meza nzito kwenda na kurudi ili kukata inchi mbili ulikuwa uharibifu wa nguvu na muda.

Aliyelitatua hilo ni James Nasmyth. Alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1808, mtoto wa mchoraji wa mandhari Alexander Nasmyth, na ukitaka kujua karakana ya nyumbani ilianza lini katika habari hii, ilianza kwake. Akiwa kijana aligeuza chumba chake cha kulala kuwa mahali pa kusubu shaba. Alifanya kazi hiyo usiku, na kwa kuwa chumba cha baba yake kilikuwa chini ya hicho, alitandika kitu kizito sakafuni ili kishindo kisimsumbue mzee. Mifano midogo ya injini za mvuke aliyoiunda ilifanya kazi kweli. Aliiuza kwa pauni 10, na fedha zikamlipia mihadhara ya Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mwaka 1829 alisafiri hadi London akiwa amebeba injini ya mfano na michoro yake, akabisha hodi kwa Henry Maudslay. Karakana ya Maudslay ndiyo iliyowalea mafundi wakubwa wa kizazi kile: Roberts alipita pale, Whitworth alipita pale. Kijana wa Edinburgh aliajiriwa kwa shilingi 10 kwa wiki. Ili fedha hizo zitoshe, akajiundia jiko la bati lenye taa ya mafuta chini yake, akaliacha limwivishie nyama taratibu huku yeye yuko kazini. Maudslay alifariki mwaka 1831, na mwaka 1834 Nasmyth alikuwa amepanga sakafu moja katika jengo la zamani la Manchester. Hakudumu. Kipande kizito cha injini kilitoboa sakafu kikatumbukia kwa mpangaji wa chini, ambaye, kwa bahati mbaya kuliko zote, alikuwa mkata vioo. Mwenye nyumba alimwomba ahame.

Alihamia Patricroft, nje kidogo ya mji, penye mfereji wa mashua na reli ya Liverpool, na hapo mwaka 1836 akatoa mashine yake mpya. Safari hii kipande cha chuma kilifungwa kikatulia, na kisu ndicho kilichotembea, kimeshikwa mwishoni mwa mkono mnene wa chuma uliokwenda mbele na kurudi. Ikajulikana kama Mkono wa Mvuke wa Nasmyth; aina hiyo ya mashine ndiyo tunayoiita shepa. Vitabu vingi humkumbuka kwa nyundo ya mvuke aliyoichora mwaka 1839, nyundo iliyoweza kufua mihimili ya meli. Mimi ningempa sifa kubwa zaidi kwa shepa. Nyundo ile iliishia kwenye viwanda vikubwa. Shepa ilikuja kuingia hata kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba za watu. Mwenyewe hakukaa kuishughulikia sana. Mwaka 1856, mwaka uleule Whitworth alipotaja bei zake, Nasmyth alistaafu akiwa na miaka 48, akageukia kuutazama mwezi kwa darubini, na mwaka 1874 akatoa kitabu juu yake pamoja na James Carpenter.

Namna shepa inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini ilipendwa, na baadaye kwa nini ilitupwa. Mota huzungusha gia kubwa iliyo tumboni mwa mashine. Gia hiyo imebeba pini, pini inateleza ndani ya mfereji wa wenzo mrefu ulioegemea chini, na wenzo huo ukiyumba hupeleka mkono mbele na nyuma. Fundi akiisogeza pini mbali na kitovu cha gia, hatua ya mkono hurefuka, akiikaribisha, hufupika. Basi kipande cha inchi tatu hakikatwi kwa hatua ya inchi saba.

Mpangilio huo una zawadi ndani yake. Pini inapopita upande mmoja wa duara hutumia sehemu kubwa ya mzunguko kusukuma mkono mbele, na inapopita upande wa pili huurudisha kwa sehemu ndogo. Kisu hukata polepole na kurudi mbio. Whitworth naye alibuni namna yake ya kupata mwendo huo, na wanafunzi wa uhandisi wanausoma kwa jina lake mpaka leo. Wakati wa kurudi, kisu hakipaswi kuburuzwa juu ya uso kilioukata, la sivyo makali yake huisha. Kwa hiyo kimewekwa kwenye kibao chenye bawaba, kinachojiinua chenyewe wakati wa kurudi na kushuka tena kabla ya kukata. Tak, tak, tak. Sauti hiyo ya kibao kugonga ndiyo inayomtambulisha fundi wa shepa hata kabla hujaingia mlangoni. Kila mkono unaporudi, kigurudumu kidogo chenye meno ya msumeno husukumwa jino moja au mawili, na meza husogea unywele mmoja kwenda pembeni, tayari kwa mkato unaofuata.

Kwa karibu miaka mia moja hakukuwa na karakana ya maana isiyokuwa nayo. Viwanda vya Cincinnati na Newark huko Marekani viliziunda kwa wingi, nyingine zenye hatua ya futi mbili na zaidi.

Kilichoiangusha ni hesabu. Mkono wa shepa hukata ukienda, haukati kitu ukirudi. Milingi, mashine iliyochukua nafasi yake, haina safari ya bure: kisu chake ni duara lenye meno mengi, na kila jino linakata zamu yake likizunguka bila kupumzika. Mwaka 1938 mashine ya milingi ya Bridgeport, kutoka mji wa Connecticut wenye jina hilo, ilianza kuuzwa, nayo ilikuwa ndogo, rahisi kuelekeza upande wowote. Vikaenea pia visu vya kabaidi vinavyostahimili kasi kubwa. Mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha milingi inayoendeshwa kwa namba zilizotobolewa kwenye utepe. Mwenye kiwanda analipa mshahara kwa saa, na mashine inayopoteza theluthi ya saa ikirudi mikono mitupu haina wa kuitetea. Shepa zikang'olewa sakafuni, nyingi zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Lakini shepa tayari ilikuwa na watu wengine wa kuipokea. Nchini Uingereza jarida la Model Engineer lilikuwa likisomwa tangu mwaka 1898 na watu wenye kazi zao za mchana, makarani na walimu, ambao jioni walijifungia bandani kuunda treni ndogo za mvuke. Kwa ajili yao Sheffield ilitoa shepa ndogo za mkono zilizoitwa Adept, zinazokaa juu ya meza. Hazina mota: unavuta mpini, kisu kinapita, unarudisha. Bega linachoka, ila uso unatoka umenyooka. Huko Marekani, Atlas ya Kalamazoo na South Bend ya Indiana ziliuza shepa za hatua ya inchi 7 kwa shule za ufundi na karakana ndogo, zinazozungushwa na mota ya umeme wa kawaida wa nyumbani. Hizo ndizo zinazosakwa leo.

Asiyeweza kununua aliambiwa aunde. Dave Gingery, fundi wa Springfield katika jimbo la Missouri, kuanzia mwaka 1980 alitoa mfululizo wa vitabu vidogo vinavyofundisha kujenga karakana nzima kutokana na vyuma chakavu. Cha kwanza ni tanuri la mkaa la kuyeyushia alumini. Cha pili, mashine ya kukereza. Cha tatu ni shepa, na milingi ikaja ya nne. Mpangilio huo haukuwa wa kubahatisha: kila mashine inatumika kuzaa inayofuata, na shepa inakuja mapema kwa sababu ndiyo inayompa fundi nyuso bapa na mifereji ambayo kerezo peke yake humtesa kuipata. Watu katika nchi mbalimbali wamevifuata vitabu hivyo, wengine wakimaliza, wengi wakiishia kwenye tanuri, ambalo nalo lina raha yake.

Sasa swali ambalo kila mgeni wa banda huuliza: kwa nini ukae na mashine iliyoshindwa? Wapenzi wake hupenda kusema inatuliza moyo kuitazama, na ni kweli, lakini hilo si jibu. Jibu liko kwenye kisu. Kisu cha milingi kina meno kadhaa ambayo lazima yalingane. Kikivunjika au kikifa makali, mtu wa nyumbani ananunua kingine. Kisu cha shepa ni kijiti kimoja cha chuma kigumu chenye ncha moja. Fundi anakinoa mwenyewe kwenye jiwe la umeme kwa dakika chache, kwa umbo lolote analolitaka: la mviringo, la pembe, hata umbo la nafasi iliyo kati ya jino na jino la gia. Kiwanda kiliiacha shepa kwa sababu kilikuwa na fedha za visu na hakikuwa na muda. Mtu wa bandani mambo yake ni kinyume. Jioni yake hailipwi na mtu, na kila shilingi ya kisu inatoka mfukoni mwake.

Tena kuna kazi ambayo milingi ya kawaida haiiwezi kabisa, nayo ni ile ya ndani ya tundu. Chukua puli inayopaswa kushikana na shafti kwa kii: ule mfereji wa pembe kali ulio ndani ya tundu haukatiki kwa kitu kinachozunguka. Kwenye shepa unafunga kisu kwenye fimbo ndefu, unakipitisha tunduni, hatua kwa hatua mpaka kii iingie. Kwa fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, anayeletewa puli ya mashine ya kusaga iliyopasuka, hiyo si historia. Ni kazi ya asubuhi, na shepa iliyochakaa kwenye kona inaweza kumwokoa na tupa.

Si kwamba haina adabu zake. Usisimame mbele yake, kwani chenga zinaruka zikiwa na moto, na mkono hausimami kwa sababu kidole kimo njiani. Nyuma nako ni hatari kwa anayesahau: sehemu ya mkono hutokeza kila unaporudi, na aliyeisogeza mashine karibu na ukuta ili kuokoa nafasi atalipia tundu la ukuta. Hatua ipimwe kwa kuzungusha puli kwa mkono kabla ya kuwasha mota.

Anayeitafuta ya kununua atazame kwanza reli za mkono. Zikiwa zimelika katikati, ambako mashine ilizoea kazi fupi, mkono utakaza mwishoni na kucheza katikati, na hakuna skrubu ya kurekebisha itakayoponya pande zote mbili. Asikilize gia kubwa. Aikague meza kama imewahi kugongwa na kisu, jambo la kawaida sana kwa mashine zilizotoka shuleni. Halafu aulizie jiliwa lake. Jiliwa la shepa ni pana, fupi na zito, linapendwa na wenye mashine nyingine pia, na wauzaji wa vyuma vya mitumba wamelijua hilo siku nyingi: mara nyingi hulifungua na kuliuza peke yake, na mnunuzi anakuta meza tupu yenye matundu manne ya bolti.