Usawa wa Idadi: Uteuzi wa Wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, 1926–1959

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza kazi mwaka 1926, wajumbe wake waliteuliwa na Gavana, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza, Mtemi Kidaha Makwaia na Mangi Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Mwaka 1955, chini ya Gavana Edward Twining, viti 30 vya uwakilishi viligawanywa kwa rangi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Serikali iliuita mgao huo usawa, ilhali Waafrika walizidi milioni 8 na Wazungu walikuwa wapatao 20,000 tu.

Hata hivyo, kasoro haikuwa katika hesabu pekee. Mjumbe wa kuteuliwa, awe wa rangi yoyote, alishikilia kiti kwa hisani ya aliyemteua. Ndiyo maana TANU ilidai uchaguzi. Katika uchaguzi wa 1958–1959 mgao wa rangi ulibakia, na kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Lakini Waasia na Wazungu walioungwa mkono na TANU walishinda kwa kura za Waafrika. Viti vilikuwa vilevile. Aliyebadilika ni mwenye mamlaka ya kuvitoa.