Balozi kwa Adui wa Jana

Somo letu la leo ni habari za mabalozi. Simtaji yule balozi wa nyumba kumi, anayeamua ugomvi wa kuku na mipaka ya mashamba. Namtaja mtu anayetumwa na serikali yake kukaa katika nchi nyingine na kusema kwa niaba ya watu wake. Ingawa, nikifikiri vizuri, kazi zao hazipitani sana.

Kumpeleka balozi kwa rafiki ni jambo jepesi. Lakini kwa nchi mliyopigana nayo juzi, je?

Mwalimu wa darasa, tafadhali onyesha Uingereza katika ramani, kisha vuka bahari ya Atlantiki mpaka Marekani. Zamani upande wa mashariki wa Marekani ulikuwa na makoloni 13 ya Uingereza. Mwaka 1775 watu wa huko walishika bunduki wakapigana na askari wa Mfalme George wa Tatu, na tarehe 4 Julai 1776 wakatangaza kwamba wao ni taifa huru. Miongoni mwa watu watano waliochaguliwa kutayarisha tangazo hilo alikuwamo mwanasheria mmoja, jina lake John Adams. Machoni pa mfalme huo ulikuwa uhaini, na adhabu ya uhaini ilikuwa kifo. Vita vikaendelea, hata mkataba wa amani ukatiwa sahihi mjini Paris tarehe 3 Septemba 1783.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1785 Marekani ilitaka kupeleka mjumbe wake wa kwanza akae London. Ilimchagua nani? Huyo huyo Adams! Wazee wetu husema mjumbe hauawi. Lakini kutouawa ni mbali, na kupokelewa kwa heshima ni mbali.

Tarehe 1 Juni 1785 Adams alichukuliwa kwa gari la farasi mpaka jumba la mfalme. Alikuwa amefundishwa kuinama mara tatu: mlangoni, katikati ya chumba, na mbele ya mfalme. Akafanya hivyo. Chumbani walikuwa watu watatu tu, yaani mfalme, waziri wake na Adams. Siku ya pili yake Adams aliiandikia serikali yake barua, ndiyo sababu tunajua yaliyosemwa. Alimwambia mfalme kwamba anatumaini kurudisha wema wa zamani baina ya watu ambao, ijapokuwa wametengwa na bahari na wana serikali mbili, lugha yao ni moja na damu yao ni ya udugu. Mfalme alipojibu, sauti yake ilitetemeka. Alisema kwamba yeye alikuwa wa mwisho kukubali kutengana. Lakini kwa kuwa jambo limekwisha kuwa, atakuwa wa kwanza kuupokea urafiki wa Marekani kama nchi huru.

Liangalieni jibu hilo. Mfalme hakujifanya kwamba amefurahi kushindwa, wala Adams hakuomba radhi kwa kupigana. Kwa maoni yangu hapo ndipo ubalozi ulipoanza, si katika kule kuinama.

Je, ugomvi uliisha? La, hasha. Waingereza walikuwa bado wanazishika ngome za Detroit na Niagara katika nchi ya Marekani, wakisema kwamba Wamarekani hawajawalipa wafanyabiashara wao madeni yao. Adams alizungumza nao karibu miaka mitatu, akarudi kwao mwaka 1788 bila ya kupata mengi. Uingereza nayo haikupeleka mjumbe wake Marekani mpaka mwaka 1791. Ngome zilitolewa mwaka 1796, baada ya mkataba mwingine. Na mwaka 1812 vita vikazuka tena, hata mwaka 1814 askari wa Uingereza wakalichoma moto jumba la rais mjini Washington.

Amani iliporudi, Marekani ilimpeleka London John Quincy Adams, mtoto wa mzee Adams. Na mwaka 1861 ikampeleka mjukuu, Charles Francis Adams. Huyu alikuta kazi nzito. Marekani yenyewe ilikuwa imegawanyika, Kaskazini na Kusini zikipigana kwa sababu ya utumwa. Mwaka huo huo manowari ya Kaskazini iliisimamisha meli ya Uingereza iitwayo Trent, ikawatoa humo kwa nguvu wajumbe wawili wa Kusini. Waingereza walikasirika sana, wakapeleka askari Canada. Lakini safari hii wajumbe walikuwapo, mmoja Washington na mmoja London. Barua zikaenda na kurudi, watu wale wawili wakafunguliwa, na vita havikutokea.

Kisha likaja shauri la meli Alabama. Ilijengwa Uingereza, ikatumiwa na Kusini kuharibu meli nyingi za biashara za Kaskazini. Adams alipeleka malalamiko mara kwa mara kwa serikali ya Uingereza, akiandika kila hasara. Mwaka 1872 shauri hilo lilikatwa na waamuzi watano mjini Geneva, naye Adams alikuwa mmoja wao. Uingereza iliamriwa kulipa dola 15,500,000 za dhahabu. Ikalipa mwaka uliofuata.